Je, niandike kwamba Dokta Sandra ni mweusi?

Swali: Ninaandika hadithi ya mfululizo kwa Kiswahili na kuirusha kwenye vikundi vya WhatsApp hapa Lubumbashi. Mhusika mkuu ni Dokta Sandra, siku ambayo shimo la wachimbaji lilibomoka na majeruhi wakaletwa hospitalini kwake. Rafiki yangu alinitengenezea jalada kwa programu ya simu inayochora picha kutokana na maneno, akatoka mwanamke Mzungu. Wasomaji wawili wa Nairobi wameniuliza kama hadithi inatokea Ulaya. Mimi sikuandika rangi ya mtu yeyote, maana huku kwetu wote ni weusi, nani atahangaika kulitaja hilo? Sasa ni lazima nieleze rangi ya kila mhusika? Jambo jingine, labda halihusiani na hili: jirani yetu, mzee wa Kasai, amenuna kwa sababu mwizi wangu anaitwa Tshimanga. Nilichagua jina tu. Na vipande vinne vimeshatoka, je, nirudi nyuma kuvirekebisha? — Kijana wa Katuba

Jibu: Mdogo wangu, vipande vyote vinne ulivyoambatisha nimevisoma. Yule mama anayeendelea kugeuza vitumbua vyake huku magari ya majeruhi yanapita, kwa sababu unga ameukopa na mafuta ameyakopa, ni wako kabisa, usimguse. Kazi iko kwingine.

Tuanze hapo unaposema hukuandika rangi ya mtu. Uliandika. Kipande cha kwanza, aya ya tatu: "Dokta Sandra akaingia. Alikuwa mweupe, mzuri, nywele zake ndefu laini zimemwagika mabegani." Katika hadithi nzima huyo peke yake ndiye uliyempa ngozi. Msomaji wa Katuba hapati shida, anajua unamsema dada wa rangi ya mwangaza kama wale tunaopishana nao mjini kila siku. Msomaji wa Nairobi naye angeelewa kama ungempa kitu kingine cha kushika, lakini watu wako wanakula "chakula", wanapita "barabarani", na wanaitwa Sandra, Patrick na Kevin. Rafiki yako akaichukua sentensi ile ile, akaigeuza Kifaransa, akailisha programu: daktari mwanamke, mrembo, ngozi nyeupe, nywele ndefu. Programu ilitii.

Tena ingeweza kukuletea Mzungu hata bila ya neno hilo. Programu hizi zimefundishwa kwa picha mamilioni kwa mamilioni zilizookotwa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake, na picha nyingi zinazotajwa kuwa za daktari zilipigwa katika nchi tajiri. Ukiiachia nafasi wazi, inaijaza kwa kile ilichokiona mara nyingi. Hata vile vikaragosi vya nyuso na mikono tunavyorushiana kwenye simu vilikaa na rangi moja mpaka 2015, Unicode, wale wanaopanga herufi na alama za kompyuta na simu, walipoleta rangi tano za ngozi za kuchagua. Na manjano ikaendelea kuwa ndiyo inayokuja usipochagua, eti si ya mtu yeyote. Mimi sijawahi kuiamini sana hiyo manjano.

Basi usimlaumu rafiki yako wala simu yake. Jiulize kwa nini uliona haja ya kusema "mweupe" ulipofika kwa Sandra tu, na kwa nini neno lililofuata ni "mzuri". Hukulibuni wewe. Muulize mtu yeyote aliyekulia mji huu miaka ya 1970, atakuambia kuhusu zile picha za Mamba Muntu zilizotundikwa ukutani sebuleni: nguva amekaa ukingoni mwa maji, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka kando yake, na ngozi yake imetengwa kabisa na ngozi ya watu waliokaa kwenye viti chini ya picha hiyo. Utajiri na uzuri vilichorwa kwa rangi hiyo, na leo mafuta ya kujichubua yanauzwa sokoni kwa sababu hiyo hiyo. Sentensi yako imetoka kwenye ukuta huo. Hadithi ni yako, na ukitaka Sandra awe mweupe, awe. Ila muuguzi wako Mama Ngoy, anayefanya kazi kubwa kuliko wote usiku ule, hana uso wala nywele wala umri. Huyo ndiye aliyenisumbua kuliko jalada lako.

Kwa hiyo swali ulilolileta ningeligeuza hivi: nani katika hadithi yako anawekewa alama, na nani anaachwa hivi hivi? Asiyewekewa alama ndiye mwenye nyumba, msomaji humvalisha sura ya mtu wa kawaida kama anavyomjua yeye. Mwenye alama hutazamwa kama mgeni, au kama pambo, au kama hatari. Ukilishika hilo, suala la rangi na suala la Tshimanga yanakaa kwenye mkeka mmoja.

Sasa, lazima uandike kwamba watu wako ni weusi? Hapana. Unaandikia Lubumbashi, kwa Kiswahili, na mtu asiye na maelezo katika kikundi chako ni mweusi bila kusemwa. Hiyo ni haki yako, kama mwandishi wa Brussels anavyoitumia haki yake bila hata kujua anaitumia. Isitoshe, kuandika hakukupi uhakika. Mwaka 2012 riwaya moja ya vijana ya Marekani iliyopendwa sana ilipotoka kama filamu, baadhi ya mashabiki wake walikasirika mtandaoni kwa sababu msichana mdogo waliyemlilia kitabuni alichezwa na mtoto mweusi. Mwandishi alikuwa ameandika waziwazi kwamba ngozi ya msichana huyo ni ya kahawia iliyokoza. Walisoma mstari huo, macho yakateleza, wakamwona mtoto waliyezoea kumwona. Mazoea ya msomaji yana nguvu kuliko sentensi moja, kwa hiyo kumwongezea kila mhusika neno "mweusi" ni kujichosha, tena kunamfanya msomaji wa nyumbani ahisi anaelezwa kwa mtu wa mbali huku mwenyewe yumo chumbani.

Kinachofanya kazi ni mwili unaoishi mahali fulani. Hadithi yako inatokea Juni. Juni ya Lubumbashi wewe unaijua: asubuhi baridi kali, mchana vumbi jekundu, na ngozi zetu zinapauka hadi mtoto anaweza kuandika jina lake mguuni kwa kucha. Katika vipande vinne hakuna mtu hata mmoja aliyejipaka mafuta! Nilijaribu kuliandika upya lile tukio la Sandra kuingia, si ili ulinakili, uone tu ninachosema:

"Mwanamke akaingia huku akijipaka mafuta migongo ya mikono. Baridi ya mwezi huo haikumhurumia mtu, na sabuni ya hospitali ilikuwa mbaya kuliko baridi. Rasta zake alikuwa amezifunga nyuma kwa kipande cha bendeji. Mama wa kijana aliyelala kitandani akamtazama, akatazama mlangoni nyuma yake, akangoja. 'Docteur iko wapi?' Mwanamke akafunga kopo la mafuta, akaliweka mfukoni. 'Ni miye, mama.'"

Hakuna rangi iliyotajwa, na sidhani kama mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam atauliza yuko Ulaya. Lakini kuna jambo la pili ndani yake. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi, kwa hiyo ukiandika "daktari aliingia", wasomaji wako wengi wataona mwanamume, na wewe mwenyewe uliharakisha kumwita Sandra kwa jina na kumpa nywele ili wasikosee. Mwache yule mama akosee badala ya msomaji. Kosa lake ni sehemu ya usiku wa Sandra. Kila zamu anakutana nalo.

Jina la bukari (ugali wetu), jina la sombe (kisamvu), ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba la moshi pembeni yake: viweke pale mtu anapovifanyia kitu. Kevin asipite tu karibu na terrili, mlima huo. Kama baba yake aliifanyia Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kazi miaka na miaka, akaondoka na malimbikizo ya mishahara hayajalipwa, Kevin hawezi kuliangalia bomba lile kama mtalii anavyoliangalia. Ukifanya orodha ya vyakula na mitaa ili kuthibitisha u-Lubumbashi wako, utakuwa umeandika kadi ya posta.

Kuna wakati rangi lazima itajwe, na wachoraji wa mji huu walilijua mapema. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa 1947, na wenzake walichora mara nyingi tukio lile linaloitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, anachapwa fimbo, Mbelgiji amesimama kando na kofia yake ngumu, bendera ya Ubelgiji inapepea, wanawake wameleta chakula. Mtazame anayechapa: ni askari mweusi. Ungefuta rangi katika picha hiyo, ungefuta habari yenyewe, kwa kuwa rangi ilikuwa sheria. Mji huu ulipoanzishwa 1910 ukaitwa Élisabethville, baadaye Wazungu wakakaa upande wao na Waafrika wakatengewa cité, mtaa wao, ambayo leo ni Kamalondo, na katikati pakaachwa ardhi tupu kwa makusudi. Kwa hiyo katika kipande cha tatu, babu yake Patrick anapokumbuka miaka ya 1950 na kusema "tulikatazwa kupita usiku", nani aliwakataza, na ni akina nani hao "sisi"? Hapo umenyamaza mahali pa kusema. Andika.

Nenda sasa kwa msimamizi wa mgodi. Anatokea mara tatu, na mara zote tatu ni "Mchina". Wengi watakuambia ni ubaguzi. Mimi sisemi hivyo haraka. Wachimbaji wako wanaomwona kwa mbali, kupitia kioo cha gari, wamwiteje? Neno hilo ni la macho yao na ni la kweli. Lakini katika kipande cha nne unatuingiza ofisini na karani Mwansa, ambaye amekaa naye meza kwa meza miaka miwili, anajua anakunywa maji ya moto bila majani ya chai, anajua mtoto wake anafanya mtihani huko kwao. Huyo Mwansa bado anawaza "Mchina akainua simu"? Haiwezekani. Angewaza Bwana Liu, au jina la utani ambalo wafanyakazi walimpa, na unajua Lubumbashi haikosi kumpa bosi jina la utani. Alama ifuate macho ya anayetazama. Ukiona alama haibadiliki hata macho yakibadilika, ujue imetoka kwako wewe mwandishi.

Usidhani pia kwamba kila asiye mweusi katika mji huu kashuka jana kwenye ndege. Kuna familia za Wagiriki zenye kanisa na shule hapa tangu zamani, kuna Waitaliano, kulikuwa na Wayahudi wengi kutoka kisiwa cha Rhodes. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, baba yake alitoka huko Rhodes. Na 2021, lilipotokea pendekezo la sheria kwamba rais awe mtu ambaye baba na mama yake wote ni Wakongo, nchi nzima ilijua nani anazungumziwa, ingawa jina lake halikutajwa ndani yake. Hiyo ni kazi ya alama nje ya vitabu. Kuhusu machotara wa zamani wa ukoloni, kama utataka kumwandika mmoja, jua kwanza kwamba serikali ya Ubelgiji iliwachukua watoto hao kutoka kwa mama zao na kuwapeleka kwa watawa; waziri mkuu wa Ubelgiji aliomba radhi 2019, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, katika kesi iliyoletwa na wanawake watano waliozaliwa Kongo. Chotara wa riwaya nyingi ni mrembo mwenye huzuni isiyo na sababu. Sababu ipo.

Tuje kwa Tshimanga.

Unasema ni jina tu. Mdogo wangu, katika Lubumbashi jina si tu. Nawej, msomaji anamwona Mlunda. Mwansa, anafikiria Wabemba na njia ya Kasenga. Kyungu na Kabange, mapacha wa Waluba wa Katanga. Mbuyi na Kabanga, mapacha wa Waluba wa Kasai. Na Tshi- mwanzoni mwa jina, mara nyingi ni Kasai. Ilunga na Kabongo utawakuta pande zote mbili, ndiyo maana watu wakisikia majina hayo husubiri kidogo kabla ya kuuliza, "wa wapi?" Nimeandika majina yote ya hadithi yako kwenye karatasi. Wenye Tshi- ni wawili: Tshimanga anayeiba dawa, na Tshilumba anayeficha mafuta ya gari ili bei ipande. Watu wengine wote wenye majina ya ukoo ni wa huku. Hukukusudia, nakuamini. Lakini kama vile kwa Sandra, mkono wako ulikwenda ulikozoea kwenda: mwizi ukamtafutia jina lenye alama.

Sasa mweke yule mzee jirani yako mbele ya karatasi hiyo. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na kampuni ya reli ziliwaleta watu wa Kasai, mkoa wa jirani, kwa kazi tangu enzi za ukoloni, migodini, reli, maofisini. Watoto wao wakazaliwa hapa, wajukuu pia. Agosti 1992, baada ya Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, wakaanza kufukuzwa. Waliitwa bilulu, wadudu. Likasi na Kolwezi, familia nzima nzima zililala kwenye stesheni na masanduku yao zikingoja treni ya kwenda Kasai ambayo wengine hawakuwahi kuiona, na watu walikufa pale stesheni na njiani, watoto kwa wingi. Waliohamishwa ni mamia ya maelfu. Mzee wa umri wa jirani yako, hata kama yeye hakulala stesheni, ndugu yake alilala. Anafungua simu, anasoma hadithi ya kijana wa mtaani anayempenda, na mwizi ni Tshimanga. Amenuna tu? Ana adabu.

Sikuambii kwamba mtu wa Kasai asiibe katika hadithi. Kumfanya kila Mkasai malaika nako ni kumweka alama, ya maua safari hii, na msomaji ananusa woga wako. Ninachokushauri ni kumtazama Sandra tena, kwa sababu nimegundua kitu: hana jina la ukoo. Patrick analo, Mwansa analo, hata mlinzi wa lango analo. Shujaa wako umemwacha awe Sandra tu, nadhani kwa sababu hukutaka msomaji amweke upande wowote. Jaribu kumpa: Sandra Tshilanda. Baba yake alikuwa mtu wa reli, aliondoka 1993 na watoto, akarudi miaka kadhaa baadaye akakuta nyumba yao ina watu wengine. Sasa usiku wa ajali, anapomshona kijana ambaye baba yake ndiye aliyeichukua nyumba ile, una hadithi nyingine kabisa, na Tshimanga anaweza kubaki mwizi kwa raha zake maana si yeye tena anayebeba Kasai nzima mgongoni. Kama hiyo ni nzito kuliko unavyotaka, basi mbadilishie tu Tshilumba jina. Lakini mimi ningeijaribu ile ya kwanza.

Jambo dogo, ila litakuaibisha mbele ya wazee: katika ule mkumbusho wa 1978, karatasi ya kazi ya babu imeandikwa "Patrick Kasongo". Tangu 1972 Mobutu alikuwa amepiga marufuku majina ya Kikristo. Nyumbani na kanisani angeweza kuitwa Patrick. Kwenye karatasi ya serikali, hapana.

Vipande vilivyotoka viache vilivyo. Watu wa WhatsApp hawapendi kusomeshwa tena walichokwisha kisoma, na ukianza kuandika "toleo sahihi" utabishana mwezi mzima badala ya kuandika. Kwenye kipande cha tano mtu amwite Sandra kwa jina lake lote, labda yule mama mwenye vitumbua aliyewahi kukaa jirani na baba yake, na Mama Ngoy apate uso. Kwa jirani yako, usimpelekee maelezo. Mpelekee kipande cha tano kabla hujakirusha, umwombe akusahihishie habari za stesheni.

Jalada lirudiwe. Mwambie rafiki yako afute "mrembo" na "ngozi nyeupe", aandike: daktari mwanamke Mkongo wa miaka arobaini, Lubumbashi, wodi ya hospitali usiku, koti jeupe lililochafuka, rasta zimefungwa kwa bendeji, amechoka, anatazama kando. Asikubali picha ya kwanza wala ya pili, programu hizi zina tabia ya kumrudisha kila mwanamke kwenye umri wa miaka ishirini. Na kama ana senti kidogo, wachoraji wa vibao vya maduka bado wapo hapa hapa Lubumbashi, mitaa ya Kenya na Katuba, na hao hawahitaji kuelezwa daktari wa Lubumbashi anafananaje.